Mama alijilaza ndani ya gari, dalali akapagawa

Usicheke, msomaji wangu. Ukianza kucheka hapa, huko mbele utakosa pumzi.

Ilikuwa asubuhi ya saa nne, hapa Mbeya, kwenye yadi moja ya magari njia ya kwenda Uyole. Dalali kavaa shati jeupe, kiatu kinang'aa kama kioo, anamwaga sifa za Nissan Caravan ya bluu. Injini haijaguswa. Tairi mpya zote nne. Redio inapiga mpaka mtaa wa pili wanacheza. Mama yangu mzazi akamsikiliza kwa utulivu kama yuko kanisani. Jamaa alipomaliza, mama akafungua mlango wa pembeni, akavua ndala, akatandika kanga yake juu ya bati, akajilaza chali. Mikono kifuani, macho kayafumba.

Yadi nzima kimya. Waosha magari wakaacha mpira wa maji unamwagika ovyo. Dalali akanivuta pembeni, sauti ya chini: "Mwana, bi mkubwa anaumwa?"

"Haumwi," nikamjibu. "Ananunua gari."

Basi bwana, ili uelewe kwa nini mtu mzima wa miaka 54 analala kwenye magari ya watu mchana kweupe, inabidi nikurudishe nyuma kidogo.

Mama yangu ni mtu wa mitumba. Nyumbani kwetu ni Iringa, pale Kihesa, na kutokea hapo hufuata barabara kuu: Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi, mpaka Mbeya, halafu anageuza. Ni zaidi ya kilomita 300 kwenda tu. Siku ya gulio anamwaga nguo chini, jioni anafunga alichobakiza, anadandia Fuso na wenzake, wanakaa juu ya mabelo kama kuku wa sikukuu. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha, ikanivalisha, ikanifikisha kidato cha nne. Kilichonishinda kidato cha tano ni kichwa changu mwenyewe, biashara ya mama haina kosa.

Sasa analala wapi? Biashara ikichanganya, analala gesti. Ikikataa, analala barazani kwa mwenye duka, juu ya mabelo yake, wanawake wanne watano wanapeana zamu ya kulinda. Wewe uliyeko Dar, unayesema leo kuna baridi kwa sababu feni iko namba tatu, hebu njoo Mafinga mwezi wa saba. Njoo Makambako usiku upepo unapokata. Kule maji ya kunawa asubuhi yanauma vidole kama yana meno.

Julai 2023 mama akaugua nimonia. Wiki nzima kitandani hospitali. Na usiku ule aliozidiwa kule barazani, wakati wenzake wanahangaika kumtafutia gari la kumwahisha, belo moja likaota miguu. Daktari akamwambia wazi: mama, usilale nje tena. Akajibu, "Sawa, daktari." Wiki ya tatu tu yuko juu ya Fuso.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilipiga kelele kwenye simu. Kelele hazilipi gesti.

Sasa sikia jinsi Mungu anavyopanga mambo. Siku moja tupo Iringa, kule chini Ipogolo, kwenye kituo cha mafuta. Likaingia gari la wazungu wawili, mume na mke, namba za kwao, vumbi mpaka kwenye masikio. Walikuwa wameshuka kutoka Arusha kupitia Dodoma, wanaelekea Zambia. Gari lenyewe ni aina ya Kombi, lakini nyuma hakuna viti. Kuna kitanda. Kuna jiko dogo, dumu la maji lenye bomba lake, pazia la maua. Mama akasogea, akachungulia, akachungulia tena, mpaka mama wa kizungu akacheka na kumkaribisha ndani. Mimi na Kiingereza changu cha kidato cha nne ndio nikawa mkalimani.

"Muulize, kwao hana nyumba?"

Nikauliza. Akasema anayo, tena kubwa.

"Sasa mbona analala kwenye gari?"

Nikaeleza kwamba ni starehe, wanatembea wanaona dunia. Baadaye nikaja kusoma kwamba kwao jambo hili ni la zamani: tangu mwaka 1951 kiwanda kimoja cha Kijerumani, Westfalia, kilikuwa kinatengeneza vifaa vya kuingiza kwenye Kombi za Volkswagen, mchana unakalia, usiku unageuza kitanda. Mama hakuhitaji historia. Njia nzima ya kurudi Kihesa alikuwa kimya, kisha akasema: "Chini ya kile kitanda yanaingia mabelo mawili."

Ndipo miti ikaingia kwenye hadithi.

Mtu wa Mufindi akikwambia ana pesa benki, muulize benki gani, maana kule benki ni shamba la miti. Marehemu baba alipanda misindano mwaka 2006, ekari tano, akafariki mwaka 2011 ikiwa bado haijakomaa. Mwaka 2024 ilikuwa imetimiza miaka 18. Wapasua mbao wakaja, wakazunguka, wakapiga hesabu, wakatoa shilingi milioni 34. Miti ukishaikata, kusubiri mingine ni miaka kumi na tano au zaidi. Mama atakuwa bibi kizee. Kwa hiyo hiyo pesa ni risasi moja tu kwenye bunduki.

Kikao cha ukoo kikakaa Mafinga. Baba mdogo akasimama: "Shemeji, tusifanye mchezo. Nunua Hiace, tia barabarani iwe daladala, kila jioni unaletewa hesabu, wewe umekaa zako unakunywa chai." Kusema kweli hoja yake haikuwa ya kijinga. Watu wengi wamesomesha watoto kwa hesabu ya daladala. Ila wengi pia wameishia kuwa na gari gereji na dereva aliyezima simu. Mama akajibu kwa adabu zote: "Shemeji, mimi natafuta mahali pa kulala. Hiyo daladala abiria watakaa, mimi nitalala wapi?" Baba mdogo akasema shemeji yake amerogwa na wazungu wa Ipogolo. Akasusa chakula, akaondoka. Kasheshe.

Ndivyo mama alivyokuja kwangu Mbeya, Mwanjelwa, kwenye chumba changu kimoja, na pesa zikiwa salama benki, na mkoba wenye kitu kimoja cha ajabu: kamba ya katani. Ameikata kwa urefu wake mwenyewe, toka unyayo mpaka utosi, akaongeza shubiri moja ya kujinyoosha. "Fundi cherehani hakati kitambaa bila kipimo," akaniambia. Nilimwona mshamba. Nakiri.

Na kuna jingine inabidi nikiri, ingawa mhariri wangu akisoma atanitania mpaka mwakani.

Hawa wanaoandika magazetini kwa kujitegemea, kama mimi, hulipwa kwa makala, na malipo yakija huja kwa mwendo wa kinyonga. Kodi ya chumba ilikuwa imenifika shingoni. Yule dalali wa shati jeupe nilishakutana naye kabla mama hajafika. Akanitajia Caravan ya bluu, milioni 22, halafu akaninong'oneza: bi mkubwa akinunua, laki tano ya soda ni yako. Cha juu hicho, msomaji. Nikajiambia, kwani kuna ubaya gani? Gari ni gari, pesa zitabaki, kila mtu atafurahi. Niliona kwamba sakafu imepakwa rangi mpya kwenye kona ya nyuma. Niliiona kabisa. Nikanyamaza.

Turudi yadi sasa. Mama kalala chali ndani ya Caravan, dalali anajifuta jasho. Kwanza kajilaza kwa urefu, sawa, akatosha. Kisha akajigeuza alale kwa upana, kichwa ukuta huu, miguu ukuta ule. Magoti yakamkunja. Akanyoosha kamba: imezidi ukuta kwa zaidi ya kiganja. "Nikilala kwa urefu, nguo zangu nitaziweka wapi?" akauliza, macho bado kafumba. Nikawahi kujibu: "Mama, tutatengeneza kitanda cha juu, mizigo chini, hamna shida." Dalali akanipongeza kwa jicho.

Mama akageuka ubavu. Akawa ametazama ile kona ya nyuma, jicho lake sentimita chache tu kutoka kwenye bati. Kimya kidogo.

"Mbona naona nyasi?"

Nikacheka cha uongo. Dalali akasema, "Bi mkubwa unatania." Mama akaingiza kidole, akakikandamiza, rangi ikamong'onyoka kama mkate mkavu, kidole kikatokea upande wa pili kikapunga hewa. Chini ya ile rangi ni pati tupu iliyopakwa juu ya kutu. Ukisimama huioni. Ukilala unaiona. Akaamka, akakunja kanga, akavaa ndala zake, akamwambia dalali asante sana baba, Mungu akubariki, tukatoka.

Ndani ya daladala ya kurudi Mwanjelwa hakusema neno. Tulipokaribia kushuka akaniuliza, bila kunitazama: "Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kudanganya. Mdomo ulishaanza kujipanga. Lakini huyu ni mtu aliyenizaa, akinitazama mgongoni anajua kama nimekula. Nikamwambia yote, laki tano, rangi, yote.

Akanyamaza mpaka tukafika nyumbani, akawasha jiko, akabandika chai. Kisha akasema: "Baba yako alipopanda ile miti ulikuwa na miaka saba. Wewe ndiye uliyekuwa unambebea miche kwenye karai. Umesahau?" Sikuwa nimesahau. Nikakosa pa kuweka uso. "Kesho tunaendelea," akasema. "Lakini kamba nashika mimi."

Kuanzia siku ile nikawa dereva wa maneno tu, uamuzi ni wake. Na mimi nikaanza kujifunza magari kwa akili, badala ya kujifunza kwa tamaa.

Fundi mmoja mzee wa pale SIDO, mtu wa maneno machache na mafuta mengi kwenye ovaroli, ndiye aliyetufungua macho. Mama alimweleza shida yake, akamwonyesha kamba. Wengine wote walicheka. Yeye akaichukua, akaipima kwa futi, akasema: "Mama, Hiace ziko mbili. Nyembamba na pana. Wewe unatafuta pana, lakini sokoni umejaa nyembamba."

Kwa nini zimejaa nyembamba? Hapa pana mkasa wa Kijapani. Huko Japani gari likizidi upana wa mita 1.70, au urefu wa mita 4.70, au kimo cha mita 2, linahama daraja la usajili la magari madogo na kwenda la magari makubwa, na gharama zinabadilika. Kwa hiyo Toyota, katika Hiace iliyotoka mwaka 2004, wakatengeneza ya kawaida yenye upana wa mita 1.695 na urefu wa mita 4.695. Wamepishana na sheria kwa nusu sentimita! Hizo ndizo zilizonunuliwa sana na wenye maduka na mafundi umeme wa Japani, na ndizo zinazotufikia sisi zikishachoka. Ile pana ina mita 1.88. Tofauti ni sentimita 18 na nusu. Ndizo hizo hizo zilizokuwa zinayakunja magoti ya mama, maana ile Caravan nayo ni ya kipimo cha wembamba.

Ukiweza kulala kwa upana, kitanda kinakaa nyuma kabisa, kinakula sehemu ndogo tu ya sakafu, na mbele panabaki duka. Ukishindwa, kitanda kinameza gari lote. Mama hakuwahi kuijua sheria ya Japani, lakini kamba yake ilikuwa inaijua.

Noah tuliiacha mapema. Nilijaribu kuitetea kidogo, maana ningeonekana mtanashati nayo mjini, lakini mama alikaa ndani, kichwa kikagusa paa alipojaribu kuvaa sweta, basi. Hiace za zamani, zile tulizokuwa tunaziita vipanya, toleo lililoanza mwaka 1989, zina sifa yake moja kubwa: dizeli yake ya 3L kila fundi wa barabarani anaifungua amefumba macho, na kipuri unakipata hata Chimala. Ila nyingi zimekula kutu mpaka mifupani, na nazo ni nyembamba. Tuliangalia pia moja iliyokuwa gari la wagonjwa, paa juu kabisa, unasimama wima ndani. Kwangu mimi hiyo ilikuwa jibu. Mama akauliza swali moja: "Wangapi walifia humu?" Muuzaji akasita. Mama akashuka.

Kuagiza Japani moja kwa moja je? Tulipiga hesabu. Bei ya kule inaonekana tamu, kisha unaongeza meli, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na gari likiwa na miaka mingi kuna ule ushuru wa uchakavu. Na zaidi ya yote, mama akauliza: "Hilo gari la kwenye simu nitalalaje ndani yake kabla sijalipa?" Hoja ikafungwa.

Halafu kuna suala la madirisha. Hiace za mizigo pembeni ni bati tupu au kioo kimefungwa kwa ndani. Mwizi haoni kitu, baridi haipiti kwa kasi. Nilidhani ndiyo inayofaa. Mama akakaa ndani ya moja, mlango nikaufunga, dakika mbili akagonga nitoe. "Hili ni jeneza la ukoo mzima." Na fundi mzee akamuunga mkono kwa sababu nyingine, na hapa naomba usome taratibu.

Mama alikuwa na mpango wa kuingiza jiko la mkaa ndani usiku, apate joto na chai. Fundi akaweka spana chini. "Mama, ukifanya hivyo mimi gari sikutafutii." Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu ambayo haina harufu, haina rangi, haikuwashi pua. Unasikia kichwa kinauma, usingizi mtamu unakuja, na huamki. Huku kwetu nyanda za juu msimu wa baridi haupiti bila kusikia habari ya watu waliolala na jiko wakakutwa asubuhi wamekwisha. Chumba cha nyumba kina nyufa, kina darini. Gari ni dogo na limebana. Hata ukiacha dirisha wazi kidogo, usilale na jiko ndani. Chai inapikwa nje. Joto linatoka kwenye blanketi na kwenye kuta. Mama alikuwa amelala na jiko mara ngapi kwenye vyumba vya gesti? Sikutaka kujua hesabu.

Kwa hiyo: pana, yenye madirisha ya kufunguka, injini isiyo na makuu. Kuhusu injini fundi alisema dizeli za kisasa zina nguvu na hazinywi sana, lakini nozeli zake zikikutana na mafuta machafu au yenye maji, utauza mabelo yote kuzinunua. Mtu anayeweza kujikuta Igawa usiku ananunua mafuta ya kwenye dumu asitembee na nozeli za bei hiyo. Bora petroli ya lita 2.7, itakunywa, lakini itanywa bila kulalamika.

Tuliipata mwezi wa pili mwaka 2025, na hatukuipata kwenye yadi. Ilikuwa ya taasisi moja hapa Mbeya, Hiace pana ya viti 10, namba D, nyeupe, mgongoni ina mchubuko wa geti. Mwenye nayo alitaka milioni 30. Fundi akakataa kuiona mchana. "Saa kumi na mbili asubuhi, na asiiwashe." Tulifika ukungu bado umekaa barabarani. Hakwenda mbele ya gari, akafungua mlango na kupapasa chini ya kiti cha dereva, maana Hiace injini yake mnaikalia. Ilikuwa baridi kama chuma cha reli. Kumbe wauzaji wajanja huiwasha mapema ipate joto, ukija iwake kwa mara moja, wewe unashangilia. Hii ikawashwa baridi, ikakohoa mara moja, ikatulia. Akapitisha sumaku pembeni kote. Sumaku ikidondoka, ujue hapo ni pati, si bati. Haikudondoka, isipokuwa kwenye ule mchubuko. Akaingia uvunguni na tochi, akitafuta kutu, kwa sababu magari mengine yametoka kaskazini mwa Japani ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na chumvi haimuachii bati.

Kisha akatoka, akamwambia mama, "Zamu yako."

Mama akavua ndala. Safari hii nilimtandikia kanga mimi. Akajilaza kwa upana katikati ya viti viwili, kamba akaivuta kutoka ukuta mpaka ukuta. Ikabaki vidole vinne. Akalala pale, wallahi, dakika kumi nzima, mpaka mwenye gari akaniuliza kama tuite mtu. Alipoamka akasema tu, "Milioni 28." Wakakutana milioni 29.

Usidhani mambo yaliisha hapo. Kwenye kadi ya gari imeandikwa idadi ya viti, na bima nayo inaangalia matumizi, kwa hiyo kabla ya kufumua tulianza TRA na kwa watu wa bima. Tukabakiza viti vya mbele na safu moja ya pili. Vilivyobaki tukamuuzia fundi wa daladala. Pesa ile ikaenda kwa seremala wa Mafinga, mtu wa mbao za paini, ambaye alipiga kitanda cha nyuma kwa upana, kimo cha kutosha mabelo mawili chini, na mlango wa nyuma ukiinuka unatumika kama paa la duka. Mvua ikinyesha mama anauza akiwa mkavu. Hilo hata mzungu wa Ipogolo hakuwa nalo.

Kosa moja lilikuwa langu. Kati ya bati na mbao tulitakiwa kujaza kitu cha kuzuia baridi. Sehemu moja tuliweka yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na friji, sehemu nyingine mimi nikashauri sponji ya makochi chakavu, kwa kuwa ilikuwa ya bure. Hatukujua kwamba pumzi ya mtu usiku inageuka maji ikigusa bati la baridi. Wiki tatu sponji ikawa imelowa, inanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Tukaifumua yote. Yale maboksi ya friji yako mpaka leo, makavu. Na madirisha mawili yamewekwa wavu na huachwa wazi upana wa vidole viwili, kwa ajili ya hewa na kwa ajili ya mbu wa Chimala, maana ukishuka bonde la Usangu kwenye mashamba ya mpunga, baridi inakuaga na mbu wanakupokea.

Juni 2025 ndiyo ilikuwa safari ya kwanza ya baridi. Nilikwenda naye. Usiku wa kwanza Mafinga, tumeegesha karibu na baraza lile lile alilokuwa analala zamani. Wenzake watatu wakaja kugonga, wakaingiza mabelo yao ndani, mmoja akaingiza na mtoto. Mimi nikajikunja kwenye kiti cha pili, magoti yakigusa kidevu. Nyuma huko mama anakoroma. Sijawahi kumsikia mama yangu akikoroma, maana siku zote alikuwa analala jicho moja.

Asubuhi sana nikasikia mlango unagongwa. Baba mdogo huyo! Tangu kikao hajazungumza na sisi. "Kamwene, shemeji," akasema, amesimama na koti lake kubwa, anazunguka gari, anapiga teke tairi, anachungulia. Mama akamwambia aingie aone. Akaona. Akagonga mbao kwa kidole. Akauliza ilikuwa bei gani, akasema tumepigwa. Akauliza kitanda kama kinahimili mtu mzito. Akavua viatu. "Dakika moja tu, nione hiyo mnayoisifia."

Saa tatu na nusu mama ameshauza suruali sita na makoti mawili, wateja wamejaa, na mimi namuuliza baba mdogo tumuamshe vipi, maana miguu yake inaonekana kwa kila anayechagua nguo.

"Muache alale," mama akasema, akikunja shati. "Akiamka mdai ya gesti."